Sura ya Tano: La-dini

Kamusi za Kiingereza na Kiurdu, zile nene za maktabani na zile za mfukoni, zikifika kwenye neno "secular" kwa kawaida hupanga maneno matatu: dunyavi, ghair-mazhabi, la-dini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusomea Kiurdu ili ayaelewe. Dunyavi ni -a dunia. Ghair tunayo kwenye ghairi, na mazhab ndiyo madhehebu yetu, ingawa kwa Kiurdu neno hilo limepanda cheo likawa dini yenyewe. La ni ile ile ya "la hasha", na dini ni dini. Kwenye ukurasa maneno hayo yametenganishwa kwa mkato tu, kama ndugu wa tumbo moja, na mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua lolote limpendezalo. Lakini la kwanza linataja mahali jambo lilipo, la pili linataja kisichokuwemo, na la tatu linatoa hukumu. Hilo la tatu ndilo lililotoka kwenye kamusi likaingia mitaa ya Pakistan.

Tuanze na silabi hiyo moja, la, maana kazi kubwa inafanyika hapo. Kiurdu kiliipokea kutoka Kiarabu kikaibandika mbele ya majina chungu nzima. Mtoto asiye na mwenyewe ni la-varis, hana warithi wala wa kumdai, na mzigo uliosahauliwa kituo cha treni nao ni la-varis. Ugonjwa usiotibika ni la-ilaj. Asiye na habari ni la-ilm. Mzembe ni la-parva. Mara chache upungufu hugeuka sifa: biriani iliyopikwa ikapikika ni la-javab, haina jibu, hakuna wa kushindana nayo. Ila kwa kawaida la inakuambia kwamba kuna kitu kilichotakiwa kiwepo na hakipo. Ghair haina lawama hiyo. Ghair-mulki ni mtu wa nchi nyingine, na hakuna anayemhurumia kwa kukosa nchi. Kwa hiyo shule iliyoitwa ghair-mazhabi ni shule ya mambo mengine, hisabati na jiografia. Ukiiita la-dini umeshasema imepungukiwa.

Pembeni ya la-dini kuna tusi kongwe, be-din, lenye kiambishi cha Kiajemi badala ya kile cha Kiarabu. Hilo ni la nyumbani, la mzazi mkali kwa kijana asiyeswali. Sikio la Kiurdu likisikia la-dini, be-din nalo huitika papo hapo.

Na din ya Kiurdu ni nzito kuliko dini yetu. Sisi tunasema dini za jadi, dini ya Kihindu, dini zote. Kwa Kiurdu kazi hiyo ya kuhesabu imani za watu hufanywa zaidi na mazhab. Din, hasa kwenye maandishi ya wanazuoni, ni njia nzima ya maisha, ibada pamoja na biashara, ndoa na utawala, na aghalabu inayokusudiwa ni Uislamu. Basi anayeandika la-dini riyasat akidhani ametafsiri dola ya sekula hajasema kwamba serikali haipendelei msikiti wala kanisa. Amesema serikali imeiacha njia. Mjadala umekwisha kabla wajadili hawajaketi.

Neno la Kiingereza lenyewe halikuanzia kwenye ugomvi. Kilatini kilikuwa na saeculum, yaani kizazi, umri wa mtu, karne. Wakristo wa zamani wakalichukua kwa maana ya dunia hii inayopita. Kanisa Katoliki lilipowagawa mapadri wake, wale wa nadhiri za shirika upande mmoja na wale wanaohudumia parokia chini ya askofu upande wa pili, hawa wa pili waliitwa watu wa saeculum, na Kiingereza kinawaita "secular clergy" mpaka leo. Kiswahili kinawaita mapadri wa jimbo, na sijamsikia muumini wa Moshi wala wa Kisumu akidhani padri wa jimbo hana dini. Lakini mpe sentensi hiyo mtu aliyefundishwa kwamba "secular" ni la-dini. Atatoa padri asiye na dini anayeongoza misa ya Jumapili, na sarufi yake itakuwa safi kabisa.

Wanafalaki wana la kwao. Mwaka 1695 Edmond Halley alihisi kwamba mwendo wa mwezi umekuwa ukibadilika kidogo kidogo tangu enzi za kale, na mabadiliko ya namna hiyo, yanayojilimbikiza karne kwa karne, yanaitwa kwa neno hilo hilo. Wachumi wakaliazima. Alvin Hansen alilitumia mwaka 1938 kwa uchumi unaodorora muda mrefu bila dalili ya kuamka, na Lawrence Summers akalifufua mwaka 2013. Uchumi huo haujaacha kuswali. Umechoka tu, na unachoka polepole.

Matumizi yanayomgusa mtu wa kawaida ni ya muziki na shule. Mwanakwaya wetu hutenganisha nyimbo za Injili na nyimbo za kidunia. Mzazi wa Pwani atakuambia mtoto wake anapata elimu zote mbili, ya dunia na ya akhera, tena atalisema kwa fahari. Kiurdu kina jozi iyo hiyo: dini talim kwa chuo cha Kurani, dunyavi talim kwa shule ya kawaida. Din na dunya hutajwa pamoja katika dua na katika nasaha za wazee, na anayepata vyote viwili amebarikiwa. Dunyavi halina aibu ndani yake. Zaidi ya hapo, linafuata asili ya Kilatini hatua kwa hatua, saeculum kwa dunya. Mtafsiri angelitafuta kwa tochi asingepata bora kuliko hilo.

Kwa nini basi halikushinda? Sehemu ya jibu iko Uingereza. George Jacob Holyoake, mzaliwa wa Birmingham, alifungwa miezi sita mwaka 1842 kwa kosa la kukufuru. Alipotoka aliendelea kuandika na kuhutubia, na mwaka 1851 akalitunga neno jipya, "secularism". Alilitunga makusudi ili aondokane na lile la "atheism", ambalo lilikuwa linafunga milango mbele yake. Alitaka kusema hivi: tushughulikie maisha ya hapa kwa akili na kwa ushahidi, na suala la Mungu kila mtu abaki nalo. Kwa maneno mengine Holyoake alikuwa anaomba dunyavi. Bahati mbaya aliyeubeba uwanja baada yake alikuwa Charles Bradlaugh, mwanzilishi wa National Secular Society mwaka 1866, ambaye hakuficha kwamba haamini Mungu. Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880 na hakuketi kwa amani kwenye kiti chake mpaka 1886 kwa sababu ya mzozo wa kiapo. Mwishoni mwa 1889 alisafiri hadi Bombay kuhutubia mkutano wa Indian National Congress. Kwa hiyo neno lilipofika Bara Hindi lilikuwa tayari na sura mbili, na wenyeji hawakukosea kuziona zote.

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba la-dini lilikuwa linazurura tayari katika nchi za Waislamu. Mturuki Ziya Gökalp, aliyefariki mwaka 1924, alitumia la-dini kutafsiri wazo la Kifaransa la "laïque", na wasomi wa Kituruki baadaye walilalamika kwamba tafsiri hiyo ilichanganya dola isiyoingilia dini na dola inayoikataa. Waturuki wakaachana nalo, wakachukua neno la Kifaransa jinsi lilivyo, laik, na mwaka 1937 likaingia kwenye katiba yao. Waarabu walikuwa wametangulia kwa njia nyingine. Kamusi ya Kifaransa na Kiarabu ya Ilyas Buqtur, Mkopti wa Misri, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1828, iliweka almani, kutoka alam, ulimwengu. Hiyo ni dunyavi kwa vazi jingine. Haikuwazuia Waarabu kugombana juu ya jambo lenyewe, na katika ugomvi la-dini nalo husikika, lakini angalau kamusi yao haikuanza kwa kuchagua upande.

Kiurdu kilikuwa na karakana kubwa ya maneno. Mwaka 1917 utawala wa Nizam wa Hyderabad ulianzisha idara ya tafsiri, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Osmania cha kufundisha kwa Kiurdu, tena si ushairi tu: sayansi, sheria na hatimaye udaktari. Hilo halikuwa jambo dogo chini ya mkoloni. Aliyekabidhiwa idara hiyo mwanzoni ni Maulvi Abdul Haq, anayeitwa Baba wa Kiurdu, ambaye mwaka 1937 alitoa kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiurdu kupitia jumuiya ya Anjuman Taraqqi-e-Urdu. Mafundi wa karakana hiyo walipenda mizizi ya Kiarabu na Kiajemi. Walitoa vitu vya thamani, na vingine watu wanavicheka mpaka leo. Mfano unaorudiwa sana ni kipaza sauti, alichopewa msemaji wa Kiurdu kwa jina refu la ala-e-mukabbir-us-saut. Mitaani watu wakasema laudspikar, basi. (Sauti ndani ya jina hilo refu ni sauti yetu hii hii, na kipaza sauti kwetu kimefaulu. Silabi zikipungua, neno hupata wateja.)

Kwa kipimo hicho la-dini lilikuwa na kila sifa ya kupendwa: fupi, la Kiarabu, na linaeleweka bila maelezo. Maneno ya namna hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Kisha ikaja 1947, na mpaka mpya kati ya India na Pakistan ukalikata neno. Tarehe 11 Agosti mwaka huo, mjini Karachi, Muhammad Ali Jinnah alilihutubia Bunge la Katiba la Pakistan. Alisema watu wako huru kwenda kwenye mahekalu yao na misikiti yao, na kwamba dini ya mtu haihusiani na shughuli za dola. Alisema kwa Kiingereza. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigujarati, na Kiurdu alikisema kwa kujikongoja, ingawa ndicho alichokipigania kiwe lugha ya taifa. Katika hotuba hiyo neno "secular" halimo. Wapakistani wanaotaka dola isiyoegemea dini wanaishika hotuba hiyo kwa mikono miwili. Wapinzani wao wanauliza lilipo hilo neno. Machi 1949 Bunge likapitisha azimio linalosema mamlaka yote ni ya Mwenyezi Mungu, na Katiba ya 1973, Ibara ya 2, ikaufanya Uislamu dini ya dola.

Katika nchi hiyo mjadala unafanyika kwa lugha mbili, na si mjadala mmoja. Magazeti ya Kiingereza ya Karachi na Islamabad hutumia "secular" kwa mtu mstaarabu, mvumilivu, aliyesoma. Upande wa pili wa barabara magazeti ya Kiurdu na majukwaa ya vyama vya kidini hutumia la-diniyat, yaani hali ya kuwa la-dini, kwa mradi wa kuung'oa Uislamu. Mwandishi wa kwanza anadhani anatetea uvumilivu. Msomaji wa pili anasikia kwamba kuna watu wanataka watoto wake wasiswali. Wote wawili wameifuata kamusi kwa uaminifu. Wapo wanaojaribu kuponyoka kwa kuandika neno la Kiingereza kwa herufi za Kiurdu, sin, ye, kaf, vao, lam, re: sekular. Lakini kwa Pakistan dawa hiyo ilichelewa, maana sekular nalo lilishaloweshwa kwenye maana ya la-dini. Mtu akisema fulani ni sekular huwa amemaanisha, mara nyingi, kwamba fulani anakunywa.

Vuka mpaka wa Wagah, kati ya Lahore na Amritsar, na neno linageuka uso. Kwa Mwislamu wa Delhi au Lucknow anayesoma gazeti la Kiurdu, sekular ni ngao. Vyama vya sekular ni vile ambavyo havitamfanya mgeni katika nchi aliyozaliwa. Jamiat Ulema-e-Hind, jumuiya ya wanazuoni iliyoanzishwa mwaka 1919, inaitetea katiba ya India kwa sababu hiyo. Kiongozi wake wa zamani, Husain Ahmad Madani wa Deoband, aliandika mwaka 1938 kitabu kizima kuonyesha kwamba Waislamu na Wahindu wanaweza kuwa taifa moja bila Mwislamu kupoteza dini yake. Wanazuoni waliotofautiana naye wakaunda Jamiat Ulema-e-Islam mwaka 1945, wakaunga mkono Pakistan, na huko warithi wao wanaipinga la-diniyat kwa nguvu zote. Wamesoma vitabu vile vile, kwa lugha ile ile, wengi wakifuata mapokeo ya chuo kile kile cha Deoband. Walichotofautiana ni upande wa mpaka walioko, na nani wengi, nani wachache.

India yenyewe iliingiza "secular" kwenye utangulizi wa katiba mwaka 1976, kwa marekebisho ya 42. Wasemaji wa Kihindi nao wakapata tabu ile ile, maana neno lililozoeleka, dharmnirpeksh, lina dharm ndani yake, na dharm ni dini pamoja na wajibu na uadilifu. Dola isiyofungwa na dharm inanuka vibaya kwa mtu wa Banaras. Nakala rasmi ya Kihindi ikachagua panthnirpeksh: isiyoegemea panth, yaani njia au madhehebu ya kundi fulani. Hiyo naiona ni kazi ya fundi. Imeondoa dini kwenye mashtaka ikabaki na madhehebu tu, na hicho ndicho ambacho serikali inakusudia kutokiegemea.

Kama ningelazimika kumpa mwanafunzi wa Kiurdu kanuni moja, ningemwambia alitazame jina linalofuata. "Secular" ikitangulia elimu, muziki, mambo au padri, aandike dunyavi au aseme kwa maelezo. Ikitangulia mwenendo au mdororo kwenye kitabu cha uchumi, aisahau dini kabisa, aandike wa muda mrefu. Ikitangulia mtu, aulize kwanza msemaji ni nani. Ikitangulia dola, ghair-janibdar litamfaa, yaani isiyopendelea upande. Na la-dini alihifadhi kwa yule anayesema mwenyewe kwamba hana dini. Huyo yupo, na ana haki ya jina lake.

Sasa tutazame kwetu, maana kucheka ni rahisi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 3, inaitaja nchi kuwa ya kidemokrasia, ya kijamaa na "isiyokuwa na dini". Nakala ya Kiingereza mahali hapo ina "secular". Ondoa viambishi, weka la mahali pa isiyokuwa na, na una la-dini mkononi. Na Kiswahili nacho kina be-din yake: tukisema fulani hana dini hatuzungumzii rejista ya parokia, tunasema hana huruma, anaweza kumdhulumu yatima. Bunge la nchi hiyo isiyokuwa na dini hufungua kikao kwa dua, wabunge hula kiapo wakishika Kurani au Biblia, na wimbo wake wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu. Mtu makini anaweza kuuliza hapo kuna nini, na wapo waliouliza.

Hata hivyo kifungu hicho hakijawasha moto kama wa Pakistan, na sababu moja, nadhani, ni namna Nyerere alivyoizoeza nchi kukisikia. Hakuachia nusu ya kwanza peke yake. Kila "serikali haina dini" ilifuatwa na "watu wake wana dini", na kwa miaka mingi Watanzania wamezirudia nusu hizo mbili pamoja, misikitini, makanisani na kwenye kampeni. Ibara ya 19 nayo inafanya kazi ambayo kivumishi cha Ibara ya 3 hakiwezi: inasema imani ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hapo hata mtu wa Kiurdu angeelewa bila kukasirika. Pia tulikuwa na neno zuri zaidi ambalo halikuajiriwa. Kutofungamana, lililotumika kwa nchi zilizokataa kuchagua kati ya Washington na Moscow, lingeikaa vizuri serikali iliyokataa kuchagua kati ya msikiti na kanisa.

Wakenya na Waganda walipoandika katiba zao walikiruka kivumishi kabisa. Ibara ya 7 ya Uganda ya 1995 na Ibara ya 8 ya Kenya ya 2010 zinasema kwa sentensi fupi kwamba hakuna dini ya dola, na Kenya ilishaanza utangulizi wake kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Ugomvi ulikuwepo, tena mkali. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010 makanisa mengi yalipinga Ibara ya 170, ile ya mahakama za kadhi. Lakini walichogombania kilikuwa kitu cha kushikika: nani amlipe kadhi, na mamlaka yake yaishie wapi katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu.